Mafuta kwenye bakuli la mtoto wa chini ya miaka miwili: aina, kipimo na namna ya kuyaweka

Mtu mzima akirudi kutoka kliniki ya presha ameambiwa apunguze mafuta, kiini cha yai na nyama nono, mara nyingi sufuria ya nyumba nzima inabadilika siku hiyohiyo. Mchicha unachemshwa mtupu, maziwa yanaenguliwa utando, na mtoto wa miezi minane anabaki na uji wa maji. Ushauri ule ni wa yule aliyepewa. Mtoto mdogo ana hesabu yake, na katika mkoa kama Dodoma, ambako uji wa uwele, mtama au mahindi ndio chakula chake kikuu, kinachomsumbua kwa kawaida ni uchache wa mafuta. Yakizidi, ni mara chache.

Kipimo cha kuanzia ni maziwa ya mama. Kila mililita 100 zina takribani gramu 4 za mafuta na miligramu 10 hadi 20 za kolesteroli, na karibu nusu ya nguvu anayopata mtoto humo inatokana na mafuta. Mapendekezo ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, yanafuata njia hiyo: asilimia 40 hadi 60 ya nguvu itoke kwenye mafuta katika miezi 6 ya kwanza, kisha ishuke taratibu hadi 35 mtoto anapofikisha miaka 2. Mtu mzima anaambiwa asizidi 30. Tofauti inatokana na kazi inayofanyika mwilini. Ubongo wa mtoto wa miaka miwili umeshafikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni mafuta. Kolesteroli inajenga ukuta wa kila seli na ala inayofunika mishipa ya fahamu, na ni malighafi ya nyongo, ya homoni na ya vitamini D.

Kinachotokea mafuta yakikatwa kinajulikana. Mwaka 1987 madaktari wa Marekani waliandika habari za watoto 7, wa miezi 7 hadi 22, waliodumaa kwa sababu wazazi wao, watu wenye uwezo na elimu, waliwanyima mafuta wakihofia unene na magonjwa ya moyo. Walipolishwa inavyotakiwa walianza kukua tena. Kuna upande wa pili pia. Huko Finland, kuanzia mwaka 1990, watoto 1,062 wa mji wa Turku waliingizwa kwenye utafiti na nusu ya familia zikafundishwa kupunguza mafuta yanayoganda tangu mtoto ana miezi 7. Walikua vizuri. Ila waliopewa maziwa yaliyopunguzwa mafuta waliongezewa mafuta ya mimea, na wataalamu wa lishe waliwafuatilia kwa karibu. Kubadilisha aina ya mafuta chini ya uangalizi wa namna hiyo ni jambo moja. Kuyaondoa nyumbani bila kuweka kitu mahali pake ni jambo jingine.

Miezi 6 ya kwanza

Hapa hakuna cha kuongeza. Kazi ni kuhakikisha mafuta yaliyomo kwenye titi yanafika tumboni. Mtoto anapoanza kunyonya maziwa huwa mepesi, na kadiri titi linavyoisha ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Mwache amalize titi la kwanza, aachie mwenyewe, ndipo umpe la pili. Akihamishwa kila baada ya dakika chache anashiba sehemu nyepesi, analia njaa mapema, na mama anaanza kuambiwa maziwa yake "ni maji". Rangi ya maziwa haipimi ubora wake.

Mama anayekwenda shambani au kazini akakamua, ajue kwamba maziwa yakitulia mafuta hupanda juu na kung'ang'ania ukuta wa chombo, hasa cha plastiki. Kabla ya kumnywesha mtoto, zungusha chombo taratibu mpaka ule utando uchanganyike, na mpe kwa kikombe. Ukimimina haraka, sehemu nono inabaki kwenye chombo na kwenda kuoshwa.

Chakula cha mama hakibadilishi sana wingi wa mafuta kwenye maziwa wala kolesteroli yake. Kinabadilisha aina. Mama anayekula samaki au dagaa mara mbili kwa wiki anampa mtoto zaidi yale mafuta ya omega-3 yanayotumika kwenye ubongo na macho.

Na samli au mafuta ya kijiko kwa kichanga, yale ya "kulainisha tumbo", yaachwe. Mafuta matupu huteleza na kuingia kwenye njia ya hewa bila hata mtoto kukohoa, na yakifika mapafuni husababisha homa ya mapafu ambayo ni ngumu kutibu. Hata mtoto mkubwa hapewi mafuta matupu mdomoni. Yawe ndani ya chakula.

Uji: hesabu inapokwamia

Tumbo la mtoto huchukua takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 8 anaishia mililita 240 kwa mlo, chini kidogo ya kikombe cha robo lita, na hiyo ni akijitahidi sana. Uji mwepesi wa kawaida, wa unga gramu 25 kwenye robo lita ya maji, unampa kilokalori 45 kwa nusu kikombe. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina kilokalori 40. Yaani mtoto amejaza nusu ya tumbo na amepata nguvu inayolingana na kijiko kimoja.

Mtoto anayenyonya anahitaji kutoka kwenye chakula kilokalori 200 hivi kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na 550 akiwa na mwaka mmoja hadi miwili. Uji wa maji haumfikishi huko hata akinyweshwa kutwa.

Kipimo kinachofanya kazi, kwa milo miwili ya mtoto wa miezi 8:

Unga wa uwele, ulezi au mahindi vijiko 3 vya chakula (gramu 30), maji mililita 200, maziwa ya ng'ombe yasiyoenguliwa mililita 100 yaliyokwisha kuchemshwa, na karanga zilizokaangwa na kusagwa laini kijiko 1 cha chakula (gramu 15). Koroga unga kwenye nusu ya maji yakiwa baridi. Chemsha maji yaliyobaki, mimina mchanganyiko huku ukikoroga, punguza moto na uache uive dakika 10 hadi 15. Ongeza maziwa na karanga, uchemke tena dakika 3, epua. Unapata kama kikombe kimoja na kidogo, chenye kilokalori zipatazo 250. Nusu kikombe cha uji huu ni zaidi ya mara mbili ya ule mwepesi, na una protini juu.

Inamisha kijiko uone: uji udondoke taratibu kwa mafungu. Ukitiririka kama chai, rudisha jikoni.

Pasipo na karanga wala maziwa, weka kijiko 1 cha chai cha mafuta kwenye nusu kikombe, bila kupita kiasi cha siku kilichoandikwa chini. Mafuta yaingie uji ukiwa umeepuliwa lakini bado wa moto, na ukoroge mpaka yale macho ya mafuta yanayong'aa juu yapotee kabisa. Yakibaki yanaelea, mtoto anakutana na kijiko cha mafuta matupu, anakataa, na mama anahitimisha kwamba mwanawe hapendi mafuta.

Uji mzito ukimshinda kumeza, usiongeze maji. Tumia kimea, yaani nafaka iliyochipuzwa na kukaushwa, ambacho katika vijiji vingi vya hapa tayari kipo kwa ajili ya pombe ya kienyeji. Uji mzito ukishapoa kiasi cha kuweza kuonjwa, koroga kijiko 1 cha chai cha unga wa kimea, subiri dakika 5 hadi 10 uone unavyolegea, kisha uchemshe tena ili kuua vijidudu. Kimea cha ulezi au uwele ndicho kizuri. Cha mtama, vichipukizi na mizizi yake hutengeneza kemikali inayotoa sumu ya sianidi, kwa hiyo kwa mtoto tusikitumie.

Karanga, na kwa nini unga wa lishe una matatizo

Karanga ni dawa ya uji wa hapa, kwa sharti kwamba hazina sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo; ni jambo la hapahapa. Kupika hakuiondoi, na kukaanga hupunguza sehemu tu. Ulinzi ni kuchambua. Zimwage karanga kwenye ungo, mahali penye mwanga, uondoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika na zenye ukungu. Zilizotupwa zisipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu hiyo hurudi kwenye maziwa. Zilizobaki zikaange kwa moto mdogo, pukuta maganda, saga kiasi cha wiki moja, tunza kwenye chupa iliyofungwa. Zikianza kuwa na uchungu, mafuta yake yameoza.

Hapo ndipo tatizo la unga wa lishe ulipo. Mtu anachanganya mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya na karanga mbichi, anasaga kilo 5, zinakaa mwezi. Karanga mbovu moja haiwezi tena kuonekana, mafuta ya karanga na soya yanachacha ndani ya unga, na soya isiyokaangwa humfanya mtoto ashindwe kusaga protini. Nafaka tano hazizidi nafaka moja kwa faida inayoonekana. Saga nafaka peke yake, na karanga ziingie sufuriani siku ya kupika.

Karanga nzima asipewe mtoto yeyote wa chini ya miaka 5. Zinakaba. Mara ya kwanza mpe ncha ya kijiko asubuhi, umwangalie kwa muda wa saa 2. Vipele, midomo kuvimba au kupumua kwa shida ni safari ya hospitali papo hapo.

Kuchagua mafuta

Alizeti ndiyo mafuta yetu, na yanafaa. Kinachoyaharibu ni jua. Zile chupa na madumu meupe yaliyopangwa kando ya barabara ya kwenda Singida yanapigwa na mwanga kutwa nzima, na mafuta ya alizeti huchacha haraka kuliko mengi kwa sababu ya aina ya asidi zake. Nunua mashineni yakiwa yametoka kukamuliwa, yachujwe vizuri, maana mashapo ya mashudu yanayobaki chini huharakisha kuoza. Chukua kiasi cha mwezi mmoja, hamishia kwenye chombo safi na kikavu, kifungwe, kiwekwe gizani mbali na jiko. Harufu ya rangi ya ukutani au ladha inayokwangua koo maana yake yamechacha.

Alizeti ina upungufu mmoja: imejaa omega-6 na karibu haina omega-3. Ndiyo maana samaki hawawezi kuachwa. Yaliyokamuliwa kijijini pia kwa kawaida hayajaongezwa vitamini A kama ya kiwandani, kwa hiyo matone ya vitamini A kliniki kila baada ya miezi 6, kuanzia mtoto akiwa na miezi 6, yasikosekane. Mawese mekundu kutoka Kigoma ni mazuri, na tayari yana rangi inayogeuka vitamini A mwilini. Samli safi kijiko cha chai haina tatizo kwa umri huu. Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi au mihogo mara kadhaa yasiingie kwenye chakula cha mtoto hata kidogo.

Maziwa yaliyosukwa

Wengi huteleza hapa bila kujua. Kwenye nyumba za wafugaji maziwa mgando husukwa kwenye kibuyu, siagi inatolewa kwa ajili ya samli, na yanayobaki ndiyo anayopewa mtoto. Yana protini na madini, lakini karibu mafuta yote yamebaki kwenye samli ya kuuza. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe kabla ya kusukwa, au arudishiwe kijiko cha chai cha samli kwenye uji. Maziwa ya dukani yaliyoandikwa yamepunguzwa mafuta nayo si yake.

Maziwa ya ng'ombe yachemshwe, yasiongezwe maji, na yasishindane na titi. Yakiwa mengi kabla ya mwaka mmoja huleta upungufu wa damu, kwa kuwa yana chuma kidogo sana. Chai ya maziwa ni mbaya zaidi: ina maziwa kidogo, sukari nyingi, na majani ya chai huzuia chuma kufyonzwa.

Yai, samaki, maini, mlenda

Yai zima lililoiva kabisa linafaa kuanzia miezi 6, na linaweza kuwa la kila siku. Kiini cha yai kubwa kina miligramu 185 hivi za kolesteroli, idadi inayomtisha mzazi aliyetoka kliniki ya presha. Kwa mtoto huyu ni chakula, na kirutubisho kiitwacho kolini kilichomo kinahitajika kwenye ubongo. Liponde na maziwa ya titi au mchuzi. Imani kwamba atachelewa kusema haina msingi.

Dagaa waoshwe mchanga, wakaushwe, wakaangwe bila mafuta, wasagwe na mifupa yao, wachekechwe. Kijiko kimoja cha chai kwenye uji wa mchana kinatosha. Dagaa wa zamani, wenye rangi ya kutu na uchungu, mafuta yao yameshaharibika. Samaki wabichi wa bwawa la Mtera wakipatikana ni bora zaidi, ila miiba itolewe kwa vidole, usiamini macho. Maini, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, mara moja kwa wiki tu, kwa sababu vitamini A yake ni nyingi mno.

Mlenda na mchicha vina rangi zinazogeuka vitamini A, lakini bila mafuta nyingi zinapita tumboni bure. Toa sehemu ya mtoto kabla ya kutia chumvi na magadi, weka nusu kijiko cha chai cha mafuta au kijiko cha karanga, koroga. Robo ya parachichi la wastani, la kuiva mpaka linabonyea, ina karibu kilokalori 80 na haihitaji kupikwa. Asali ya Manyoni na kwingineko isubiri afikishe mwaka, kwa hatari ya botulismu, ugonjwa wa sumu ya bakteria. Tena si mafuta, ni sukari.

Kiasi kwa siku, na mafuta yakizidi

Miezi 6 hadi 8: milo 2 hadi 3, kuanzia vijiko 2 au 3 vya chakula hadi nusu kikombe. Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe mara 3 hadi 4, na kitafunwa. Mwaka hadi miaka miwili: robo tatu mpaka kikombe kizima, mara 3 hadi 4, na vitafunwa 1 hadi 2. Mafuta ya kuongeza, kama siku hiyo hakuna karanga, yai wala maziwa, ni kijiko 1 hadi 2 vya chai kwa siku katika mwaka wa kwanza, na 2 hadi 3 katika wa pili. Vikiwepo, punguza au acha.

Usimwage zaidi kwa kudhani atanenepa haraka. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori 120, zaidi ya nusu ya mahitaji ya mtoto wa miezi 7 kutoka kwenye chakula, na hakina protini, chuma wala zinki. Mtoto anashiba mafuta, anaacha dagaa na titi, uzito unapanda na urefu unabaki palepale. Udumavu hauponi kwa mafuta peke yake.

Dalili za kufuatilia

Kwenye kadi ya kliniki tazama mwelekeo wa mstari. Mtoto huongeza uzito wake wa kuzaliwa mara 2 akifikia miezi 5 au 6 na mara 3 akifikia mwaka. Kati ya miezi 6 na 12 huongeza gramu 200 hadi 400 kwa mwezi, zikipungua kadiri anavyokua. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo, muone mtaalamu wa lishe, ukiwa na maelezo ya alichokula jana, asubuhi hadi usiku.

Choo kikilegea siku mbili baada ya kuongeza mafuta, rudi nusu ya kipimo na upande taratibu. Choo cha rangi ya mpauko, chenye kung'aa mafuta, kinachonuka kupita kawaida na kinachojirudia kwa wiki ni dalili kwamba mafuta hayasagwi. Hiyo ni kazi ya daktari. Akiharisha kwa ugonjwa, mpe ORS, na zinki siku 10 hadi 14 (miligramu 10 kwa siku chini ya miezi 6, 20 kuanzia hapo), na chakula chenye mafuta yake kiendelee.

Mzunguko wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, ukiwa chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 au zaidi, au miguu ikivimba, usijaribu kumnenepesha nyumbani. Mwili uliofikia hapo hauhimili chakula kizito cha ghafla, na hospitali ina maziwa na chakula dawa cha kumwanzishia. Vilevile familia ambayo mzazi, babu au bibi amepata shambulio la moyo akiwa bado kijana imwambie daktari, kwani kuna kolesteroli ya kurithi. Lakini isianze kumnyima mtoto mafuta kabla ya kupimwa.

Mtoto mnono anayenyonya hawekewi mlo wa kupunguza uzito. Kagua juisi, soda, biskuti na sukari kwenye uji. Hivyo ndivyo vya kuondoa. Akishatimiza miaka 2, anahamia kwenye sufuria ya wote kidogo kidogo: mafuta ya kuongeza kwenye bakuli yanaachwa kwanza, kisha samli, na yai, samaki na karanga vinabaki.